Kurudia mbegu ya haibridi

Wewe uliyetunza mbegu ya haibridi ukapanda tena mahindi yakatoka mengine marefu mengine vibeti, hujauziwa feki ndugu, ndo zilivyo. Ile ya pakiti ni mtoto wa wazazi wawili waliochaguliwa, mistari ya mama wanaing'oa mbelewele, yale maua dume ya juu, mapema isijichavushe yenyewe, sasa punje ulizovuna ni wajukuu, vinasaba vimechanganyika upya kila mmoja kashika njia yake na ile nguvu ya uchotara, inayofanya mtoto wa mchanganyiko azae kuliko wazazi, inashuka. Kenya haibridi ya H611 ya 1964 nayo wazazi wake walikuwa mahindi ya Kitale na ya Ekwado, Amerika Kusini. Kama hela inabana na kwenu kukavu panda mahindi ya Katumani, sio haibridi, mbegu unatunza, ila chagua ya katikati ya shamba, pembeni chavua ya jirani inaingia sana.