Wafu wake wananishika kuliko wazima wake

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza ni gemu gani la bunilizi ya kisayansi ulilolimaliza ukabaki hujui ushangilie au ulalamike, na kama ungemshauri mwenzako alicheze. Langu ni Horizon Zero Dawn. Nitamwaga mtama wote hapa, kwa sababu kinachoniwasha kimo mwishoni. Ambaye bado yumo njiani aruke barua hii.

Kwa wasiolijua: limetengenezwa na Guerrilla Games ya Amsterdam, Uholanzi, likatoka Februari 2017 kwenye PlayStation 4, na mwaka 2020 likafika kwenye kompyuta. Hao ndio waliokuwa wakitoa Killzone, magemu ya askari, bunduki na moshi, kisha bila hodi wakaja na msichana mwenye upinde. Anaitwa Aloy. Kabila lake la Nora limemtenga tangu uchanga kwa kuwa hakuna anayemjua mama yake, na amelelewa na Rost, mtengwa mwenzake. Watu wa zama zake wanapigana kwa mikuki, kabila moja linaabudu jua na jingine mlima, na nyikani zinazurura mashine zenye maumbo ya wanyama. Chini ya nyasi kumelala magofu ya miji yetu sisi. Aloy anataka kujua mama yake ni nani, nawe unayemchezesha unataka kujua dunia ilifikaje hapo. Yanakuja kuwa swali moja.

Hapo ndipo waliponimaliza. Nimecheza mengi ambayo dunia yake imekwisha, na karibu yote hutosheka na bomu au ugonjwa, yakaendelea na risasi zake. Hili lina jibu, tena jibu lisilovuja. Kampuni ya tajiri mmoja, Ted Faro, iliuza roboti za kivita zenye uwezo wa kujizalisha zenyewe na, nishati ikiwaishia, kugeuza viumbe hai kuwa mafuta. Katika miaka ya 2060 kundi moja likaacha kutii amri. Faro alikuwa amejivunia kwamba hakuna awezaye kuzidukua, na kweli hakuna aliyeweza, hata yeye. Akamwita Elisabet Sobeck, mwanasayansi aliyewahi kumfanyia kazi akaondoka. Mama huyo akapiga hesabu, akamweleza: kabla ya miaka miwili kwisha, hakuna jani wala mdudu utakaobaki.

Watu wakatangaziwa kuwa kuna silaha ya ajabu inaandaliwa kwa siri, inaitwa Zero Dawn, na kazi yao wao ni kuzichelewesha roboti hadi ikamilike. Raia wa kawaida wakashika bunduki wakiamini watoto wao watapona. Silaha haikuwepo. Mpango wenyewe ulikuwa kuunda akili mnemba, GAIA, ambayo baada ya kila mtu kufa ingepata namna ya kuzizima roboti zile, isafishe hewa na maji, ioteshe mimea, kisha ilete watu wapya kutokana na mbegu za uzazi zilizohifadhiwa. Waliokuwa wakifia vitani walikuwa wanawatafutia muda watu ambao hawatawaona kamwe, na hawakuambiwa.

Haya yote hausimuliwi na mtu. Unayaokota. Unaingia kwenye kituo kilichofukiwa ardhini, Aloy anagusa kile kifaa kidogo kilicho karibu na sikio lake, na mbele yake anasimama mtu wa mwanga aliyekufa karne nyingi zilizopita. Jenerali Herres anakiri kwamba yeye ndiye aliyewaongopea mamilioni. Katika vyumba vinavyofuata kuna rekodi za wataalamu walioletwa wakidhani wanakuja kuunda silaha. Wameshaambiwa ukweli na wamepewa hiari: wafanye kazi, wafungiwe humo, au wasaidiwe kufa bila maumivu. Wengine wanafoka, wengine wanaduwaa. Nilishusha padi nikasikiliza rekodi moja baada ya nyingine. Kwa muda mrefu hakukuwa na cha kupiga mshale, wala sikukitamani.

Halafu ukafika GAIA Prime, kituo kikuu cha GAIA. Mlango unagoma kujifunga sawasawa, roboti zikiunusa wote wamekwisha, na Sobeck anatoka nje peke yake kuuziba akijua hatarudi. Timu yake imebaki salama ndani. Ndipo Faro anapowatokea kwa mawasiliano kutoka mbali, hatia imemvuruga akili, anasema maarifa ndiyo maradhi yaliyoiua dunia na watu wapya wastahili kuanza bila hayo. Anafuta APOLLO, hazina nzima ya elimu ya binadamu iliyokuwa iwafundishe watoto wa kesho, kisha anawaua waliomo kwa kuitoa hewa chumbani. Hapo ndipo mikuki na ibada za jua zilipopata maana kwangu. Watoto wa kwanza walilelewa na roboti za malezi, hawakufundishwa zaidi ya mambo ya chekechea, na chakula kilipokaribia kwisha wakatolewa nje. Mlango uliokuwa umewahifadhi ndio ambao kabila la Aloy linausujudia. Gemu zima nilikuwa nikiona mkuki kama pambo la mandhari, kumbe mkuki ule una mhalifu wake, na ana jina.

Sasa turudi kwa wazima.

Helis, kamanda wa waumini wanaoitumikia sauti iliyo ndani ya mashine, anaongea kama mhubiri aliyemeza kipaza sauti. Mfalme Avad amemzika mpenzi wake juzi tu, na ukimpa nafasi anaanza kumzungukia Aloy. Nilichagua jibu la kumkatalia kwa kasi kuliko nilivyowahi kukwepa mkia wa ile mashine kubwa iitwayo Thunderjaw. Erend peke yake, mlevi anayemlilia dada yake, ndiye niliyekuwa nafurahi kumkuta. Wengine wanasimama, wananyoosha mikono, wanakupa kazi ya kumtafuta mtu aliyepotea, nawe unafuata nyayo zinazong'aa mpaka unamkuta. Ya aina hiyo ni mengi mno.

Na pambano la mwisho! HADES, ile sauti inayotumikiwa na waumini wa Helis, ni programu iliyoumbwa ndani ya GAIA kwa ajili ya kufuta kila kitu na kuanza upya iwapo uhai mpya ungeota vibaya. Wazo zito kama hilo, adui asiye na chuki bali anafanya kazi aliyoandikiwa, linafikishwa kwetu kama sauti nene inayovuma juu ya Deathbringer, roboti kubwa ya kivita. Deathbringer tulishamwangusha, tena zaidi ya mara moja. Mji wa Meridian unawaka, wale uliowasaidia kwenye misheni ndogo wanajitokeza kusema maneno mawili matatu, unafyatua, unakimbia, unafyatua, umemaliza. Mtu aliyetoka kuona jinsi Sobeck alivyokufa hawezi kutetemeshwa na bosi wa marudio.

Kuna jambo la pili, na hili sijaona likizungumzwa sana. Uwindaji wa gemu hili ni mtamu, sina namna nyingine ya kulisema. Thunderjaw, yule mkubwa mwenye taya, ana mitambo ya kurusha visahani mgongoni. Ukiulenga mmoja kwa mshale wa kubomoa, unadondoka. Unautambaia, unaubeba, unamgeuzia silaha yake mwenyewe. Kila sehemu ya mwili wa mashine ina kazi yake, na ukiing'oa kazi hiyo inakufa. Sijachoka nayo hadi leo.

Lakini hadithi inakuja kukueleza kwamba mashine hizi ziliumbwa na GAIA kuitibu dunia. Wale Grazer wanaokula nyasi huku wamebeba mitungi ya mafuta mgongoni, ambao nilikuwa nawawasha kwa mshale wa moto ili kundi zima lilipuke pamoja, hawakuwa na ugomvi na mtu. Na The Frozen Wilds, nyongeza iliyotoka Novemba 2017, inaongeza chumvi kwenye kidonda: HEPHAESTUS, sehemu ya GAIA inayounda mashine, ndiyo iliyozifanya kali, kwa sababu wanadamu walikuwa wakiziwinda. Yaani Thunderjaw yupo kwa sababu yetu. Nilitarajia Aloy, msichana anayeuliza kila kitu, aulize na hili. Anapita. Anaokota vyuma, anatengeneza mfuko mkubwa zaidi wa mishale, tunaendelea. Waandishi waliojibu kwa nini watu wana mikuki waliogopa kuuliza wafanye nini na mikuki hiyo, na nadhani naelewa sababu: ungeuliza hivyo ungeharibu sehemu tamu kuliko zote. Hata hivyo Aloy anao uwezo wa kuzitawala mashine bila kuziua, anazipanda kama farasi. Njia ya kutokea ilikuwepo mkononi mwake.

Halafu, baada ya kelele zote za Meridian, wakanipa onyesho moja ambalo lingetosha kuwa mwisho. Aloy, ambaye kumbe GAIA ilimuumba kuwa nakala ya Sobeck, anafika nyumbani alikokulia Sobeck. Mama yule alirudi kufia huko: yupo kwenye benchi ndani ya vazi lake la kujikinga, maua yameota kumzunguka. Tunasikia mazungumzo yake ya zamani na GAIA kuhusu mtoto ambaye hakuwahi kumzaa, na angependa awe mtu wa namna gani. Aloy anachukua kidani chenye umbo la dunia. Nililia, sioni haya. Majina ya waundaji yakaanza kupanda, na nilikuwa tayari kuwasamehe Avad, Helis, nyayo zinazong'aa, kila kitu. Majina yakaisha, akatokea Sylens, mtafiti aliyekuwa akimwongoza Aloy kwa mbali, ameinasa HADES kwenye chombo mithili ya taa, anaihoji. Adui niliyemwangamiza dakika chache nyuma hajaangamia, maana kuna gemu la pili la kuuzwa. Lilitoka 2022.

Kwa hiyo nusu ya pili ya swali lenu: ndiyo, ningemshauri mwenzangu alicheze, tena asikawie. Avae spika za masikioni, asimame kila anapokuta rekodi hata kama kuna mtu anamsubiri vitani. Akifika ubavuni mwa Meridian ashushe ugumu hadi kiwango chepesi kabisa, apite haraka. Majina ya waundaji yakikaribia kwisha, azime mashine.