Mchoro wa usoni una kazi gani gizani?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unaniuliza kama uwafute kabisa watu wa mapangoni katika riwaya yako, baada ya msomaji wako wa kwanza kukuambia kwamba michoro ya videvuni mwao ni ya Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, imebadilishwa jina tu. Na unauliza kama yupo awezaye kubuni utamaduni pasipo kuazima.

Msomaji wako amesema kweli, ingawa watu hao hawahitaji kufutwa. Mchoro wa usoni wa Wamaori, uitwao moko, hubeba nasaba ya mwenyewe, na ndiyo maana wana neno jingine, kirituhi, kwa michoro ya mtindo huo isiyobeba nasaba, ambayo hata mgeni aweza kuchorwa. Mpaka wameuweka wenyewe, tena waziwazi. Wewe umeuruka, ukachukua cha ndani na kumpa kuhani mwovu ili atishe, jambo ambalo, nikuambie kweli, liliniudhi kuliko kuazima kwenyewe.

Kujifunza kwa wengine si kosa. Waoksapmin wa Papua New Guinea huhesabu kwa viungo vya mwili, kuanzia kidole gumba cha mkono mmoja, kupanda hadi puani, kisha kushuka upande wa pili mpaka kidole cha mwisho, jumla 27. Ukijua hilo, unatambua kwamba si lazima hesabu iende kwa makumi, nawe unaweza kujiuliza watu wako wangehesabu kwa nini, bila kuwachukulia Waoksapmin hesabu yao.

Sasa rudi mapangoni. Umeandika kwamba watu wako huishi gizani na moto kwao ni mwiko. Basi mchoro wa usoni una kazi gani, ikiwa hakuna auonaye? Hapo ndipo nilipotambua kwamba umewavika vazi la wengine kabla ya kuwajua. Anza na giza lenyewe: mtu atajuaje nani anakuja? Wazo langu la kwanza lilikuwa kamba yenye mafundo, nikakumbuka kwamba Wainka, watu wa dola ya kale ya Amerika ya Kusini, walitunza hesabu zao kwa mafundo, nikaliacha, si kwa kuwa fundo lina mwenyewe bali kwa kuwa nilikuwa nimeshika tu wazo lililokuwa karibu. Pengine kila ukoo una namna yake ya kugonga mwamba kabla ya kuingia. Aliyeolewa hugonga mara mbili, kwao kwanza kisha kwa mume. Mwongo hugonga kwa namna ya ukoo usio wake. Na kuna adhabu ya kosa hilo, ambayo lazima uitafute wewe, kwa kuwa ndiyo itakayokuonyesha watu hawa wanaogopa nini.

Kuhani wako mwache abaki, ila mtafutie uovu usiotegemea sura. Ukishaiandika upya sura ya tatu, nitumie, maana nataka kujua yule yatima asiyejua ukoo wake atagonga vipi.

Akupendaye,
Mama