Fomula nazijua, visa vinanishinda

SWALI: Shikamoo mama. Nilifundisha fasihi kwa miaka sita, na sasa niko mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili ya biashara. Masomo mengine nayamudu, ila fedha za kampuni zinanitoa jasho. Fomula nimezikariri zote. Lakini nikipewa kisa cha kampuni na kuulizwa kama mradi ukubaliwe au ukataliwe, napata jibu ambalo darasa zima halina. Wenzangu waliotoka benki wanajibu hata sijamaliza kusoma. Tena tumefundishwa kwamba, kwa mujibu wa wanauchumi Modigliani na Miller, mchanganyiko wa deni na hisa haubadilishi thamani ya kampuni. Kama ni hivyo, mbona kampuni zinahangaika nao? Mtihani ni baada ya wiki tatu.
Mwalimu wa zamani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako imenirudisha mbali. Kabla ya miaka yangu mingi katika idara ya fedha nilikaa darasani kama wewe, na kisa changu cha kwanza kilirudi na wino mwekundu ukurasa mzima. Kujumlisha nilijumlisha sawasawa. Nilichokuwa sijui ni fedha zipi za kuhesabu.

Kosa lilikuwa la namna hii. Mashine inanunuliwa kwa milioni 100, nayo itaingiza milioni 60 mwishoni mwa kila mwaka kwa miaka 2. Gharama ya mtaji, yaani malipo wanayoyatarajia waliotoa fedha, ni asilimia 10 kwa mwaka. Milioni 60 za kwanza kwa thamani ya leo ni milioni 54.5, za pili ni 49.6, jumla 104.1. Ukiondoa 100 za kununulia, mradi unaongeza milioni 4.1, basi ukubaliwe. Mimi nilisoma kwamba mashine itanunuliwa kwa mkopo wa riba ya asilimia 10, nikaondoa milioni 10 za riba kila mwaka, halafu zile 50 zilizobaki nikazipunguza tena kwa asilimia 10. Nikapata hasara ya milioni 13.2, nikaukataa mradi mzuri. Riba nilikuwa nimeitoza mara mbili! Kiwango cha punguzo, yaani ile asilimia 10 ya kushusha fedha za kesho hadi thamani ya leo, tayari kimebeba malipo ya wote waliotoa fedha, wakopeshaji na wenye hisa.

Nahisi nawe unakwama hapo hapo. Kwa hiyo usiguse kikokotoo kwanza. Chora mstari wa muda kwa mkono, na kila kiasi ukiulize: kingeingia au kutoka hata kama mradi usingekuwepo? Utafiti wa soko uliolipiwa mwaka jana umekwenda, uache. Ghala la kampuni linaloonekana ni la bure, lakini lingeweza kupangishwa, lina gharama: ni kodi ya pango itakayokoswa. Uchakavu wa mashine hautoki mfukoni. Kazi yake ni kupunguza kodi ya mapato, na hiyo nafuu ya kodi ndiyo unayoiandika. Mwalimu wa fasihi amezoea kuuliza nani anasema, anamwambia nani, na lini. Maswali yako ni yale yale, ila sasa unayauliza kuhusu fedha.

Sasa Modigliani na Miller. Waliyaandika hayo mwaka 1958, na wote wawili baadaye walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi, Modigliani mwaka 1985 na Miller mwaka 1990. Lakini waliweka masharti: kwa mfano, pasiwe na kodi, wala gharama za kufilisika, wala mtu anayejua zaidi ya mwenzake. Usiisome nadharia yao kama picha ya dunia ilivyo. Ondoa sharti moja moja uone kinachotokea. Ukiingiza kodi ya kampuni, deni linapata faida kwa sababu riba hupunguza mapato yanayotozwa kodi. Wao wenyewe walirekebisha hesabu hiyo mwaka 1963. Ukiingiza hatari ya kufilisika, deni likizidi linaanza kula thamani. Mahangaiko ya kampuni yote yamo ndani ya masharti yaliyoondolewa. Mimi naipenda nadharia hii kuliko zote za somo hili, maana inakulazimisha useme thamani inatoka wapi hasa.

Kuhusu wenzako wa benki, usiwaogope. Afisa wa mikopo huuliza kama deni litalipwa, na mwenye hisa huuliza kama mradi unazidi kile ambacho fedha yake ingepata kwingine kwenye hatari sawa. Haya ni maswali mawili tofauti. Ila kuna jambo wanalolijua vizuri kuliko wewe: mtaji wa uendeshaji. Mauzo yakipanda, fedha hunaswa kwenye bidhaa zilizo ghalani na kwa wateja ambao hawajalipa, kisha hurudi mradi unapofungwa. Wengi husahau mstari huo kwenye mtihani. Mwombe mmoja wao akueleze kwa kisa kimoja jioni moja wiki hii, nawe umsaidie kuandika hoja zake.