Maswali Yenu kwa Mwalimu: Nyimbo za Kizungu darasani

SWALI
Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu kijana, nimeletwa Lamu mwaka huu kutoka bara. Nafundisha Kiingereza Gredi ya 4, watoto 47. Mwalimu mkuu amenipa nusu saa kila Alhamisi niimbe nao. Nyimbo za chekechea hawazitaki tena, wanataka zile kubwa zinazovuma kwenye simu za kaka zao. Wiki iliyopita nilipiga wimbo mmoja kwa spika, wakaruka na kupiga kelele, lakini hakuna aliyetamka neno likaeleweka. Kesho yake mzazi mmoja akaja kulalamika kuhusu muziki. Nichague nyimbo zipi?
Mwalimu mgeni, Lamu

JIBU
Marahaba mwanangu, na karibu Amu, kama tuuitavyo mji wetu wa Lamu.

Nimefundisha kisiwani hapa miaka 31, na Kiingereza nilikifundisha kwa mdomo kuliko kwa ubao. Ombi langu la kwanza ni dogo: hiyo spika iweke kabatini kwa mwezi mmoja. Spika ikilia, mtoto huimba ndani ya sauti ya mwenziwe wa Marekani, na wewe husikii anachokosea. Ikinyamaza, utasikia kila kitu.

Halafu jua kwamba hao 47 hawakuja mikono mitupu. Wengi wao wanasoma chuo cha Kurani, na huko wamefunzwa kuweka ulimi baina ya meno kwa herufi za Kiarabu tha na dhali. Ndiyo maana sauti ya mwanzo ya "three" na "this" haiwapi tabu. Tabu yao kubwa iko mwishoni mwa neno. Maneno yetu ya Kiswahili huishia kwa irabu, basi mtoto akikutana na neno la Kiingereza lililokatika ghafla, hulitafutia irabu ya kulifungia. Hapo ndipo wimbo unapomsaidia kuliko fimbo au kitabu, kwa sababu pigo la wimbo halimsubiri.

Chukua Three Little Birds wa Bob Marley, uliotoka kwenye albamu yake Exodus, 1977. Ni wa polepole, maneno machache, na habari yake ni ndege watatu mlangoni asubuhi wanaomwambia mtu asiwe na wasiwasi. Kabla ya kuimba chochote, andika jina lake ubaoni na uwaambie watoto wahesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole. Mizani wanazijua, wametoka nyumba za mashairi. Wataimba "thi-ri li-to ba-di-zi", watahesabu saba. Waambie Mjamaika ana nne tu. Piga makofi manne, waache wajaribu kuyaingiza maneno yale humo. Mara ya kwanza watabaki nyuma, watacheka, watarudia, na kufika mara ya sita utaisikia "birds" imekaa kwenye kofi moja bila mkia. Mimi nimeliona jambo hilo mwaka baada ya mwaka na bado linanifurahisha.

Hicho ndicho kipimo changu cha kuchagulia wimbo. Sitazami umaarufu wake, natazama kama mtoto anaweza kuutia kinywani. Uwe wa pole. Kiitikio kijirudie, kama kasida, ili hata asiyeshika beti apate pa kuingia. Na habari yake iwe mtoto anaweza kuielekezea kidole.

Wimbo ninaoupenda kuliko yote kwa umri huo ni Count on Me wa Bruno Mars, wa 2010. Kiitikio chake kinahesabu moja, mbili, tatu, kisha kinarudi nyuma nne, tatu, mbili, na neno "count" lenyewe lina sura mbili: kuhesabu, na kumtegemea mtu. Watoto wakiligundua hilo hufungua macho kama waliofumbua kitendawili. Lakini hazina hasa iko kwenye ubeti wa kwanza. Rafiki anaambiwa kwamba akikwama katikati ya bahari, mwenziwe atasafiri dunia nzima kumtafuta. Kwa mtoto wa mji mwingine hayo ni maneno matamu tu. Kwa mtoto wa Amu ni habari ya nyumbani.

Mwaka mmoja nilikuwa na mvulana ambaye baba yake alikwenda kuvua upande wa Kiwayu, mashine ikazima, wakachukuliwa na maji siku mbili mpaka chombo kingine kikawaona na kuwavuta. Wiki iliyofuata tulikuwa kwenye ubeti ule. Mvulana yule, ambaye hakuwa mtu wa kuinua mkono, akainua. Akauliza, "Mwalimu, 'sail' ndiyo tanga?" Nikamwambia ndiyo, ni tanga, na pia ni kusafiri kwa tanga. Akanyamaza, akaandika kitu daftarini. Nilipokusanya madaftari nikaikuta: "My father had no sail." Ilikuwa sentensi yake ya kwanza ya Kiingereza ambayo hakuinakili ubaoni. Nilikaa nayo mkononi mpaka kengele ikalia.

Basi anza na hizo mbili, zikutoshe muhula. Muhula wa pili waingize What a Wonderful World wa Louis Armstrong, wa 1967, kwa ajili ya rangi: miti ya kijani, mawaridi mekundu, mbingu ya buluu, mawingu meupe. Usiwape sauti yake mapema, kwa sababu wavulana wote wataiga ule mkwaruzo wa Armstrong na kuumiza makoo. Happy wa Pharrell Williams, wa 2013, wataudai, nawe wape kiitikio na makofi tu. Beti zake zinakwenda mbio, wataishia kumung'unya.

Watakuuliza pia nyimbo za Kombe la Dunia la 2010. Waka Waka wa Shakira ni furaha tupu, ila kiitikio chake kimetokana na wimbo wa kundi la Golden Sounds la Kameruni wa 1986 na sehemu yake kubwa si Kiingereza. Uimbeni siku ya michezo. Wavin' Flag wa K'naan una Kiingereza zaidi, na mwenyewe ni mzaliwa wa Mogadishu aliyeihama vita akiwa mtoto akafika Kanada. Darasani kwako hutakosa Wabajuni wenye jamaa zao ng'ambo ya Kiunga, upande wa Somalia, na kwao jina la Mogadishu si la kwenye ramani. Tumia toleo lile la Kombe la Dunia. Lile la kwanza lina vita na njaa ndani yake, nalo ni zuri, lakini lingoje wafike Gredi ya 6.

Sasa mzazi aliyekuja kulalamika. Usimwone adui. Nilipokuwa mwalimu mchanga niliwafunza watoto wimbo wa mapenzi niliousikia redioni, kwa kuwa mahadhi yake yalikuwa matamu na kiitikio chepesi. Ubeti wa pili sikuusoma. Siku ya wazazi watoto wakauimba wote kwa sauti safi. Mama mmoja aliyewahi kufanya kazi kwa Wazungu aliinamisha kichwa, na watu walipotawanyika akanishika mkono akanifasiria neno kwa neno, kwa upole mkubwa. Niliumia sana. Tangu siku hiyo hakuna wimbo ulioingia darasani kwangu kabla sijauandika wote kwa mkono wangu na kuufasiri mstari kwa mstari, kana kwamba bibi wa mtoto amekaa mbele yangu. Shape of You wa Ed Sheeran, wa 2017, watoto waliuimba kila kona, na ni wimbo wa watu wazima kutoka juu hadi chini. Sauti tamu haikuambii lolote kuhusu maneno.

Kwa hiyo mwendee mzazi huyo nyumbani, jioni baada ya alasiri, si kwa barua. Mpelekee karatasi yenye wimbo na tafsiri yake. Mwambie hutumii ala za muziki, ni sauti za watoto na makofi. Kuna wazazi ambao ala ndiyo shida yao, na kwa hao neno lako hilo linatosha. Akikataa wimbo mmoja, uache bila ubishi, una nyingine. Na ukikaribishwa kahawa, kunywa.

SWALI
Mwalimu, mimi ni dereva wa tuktuk Malindi. Binti yangu wa miaka 7 hupanda nami jioni ninapomaliza kazi, na kila wimbo wa Kizungu unaopigwa redioni anauimba bila kujua maana ya neno hata moja. Nimzuie?
Baba wa binti, Malindi

JIBU
Usimzuie, baba yangu. Sikio lake limeshaanza kazi kabla ya kichwa, na kwa umri huo ndivyo inavyotakiwa. Kinachokupasa ni kumchagulia, maana redio haimchagulii mtoto. Tia nyimbo mbili au tatu nilizomtajia mwalimu wa Lamu kwenye flashi, na binti akipanda uizime redio.

Ule wa Armstrong uimbeni mkiwa njiani. Ukifika kwenye rangi, punguza sauti na umwambie aitafute nje: kijani kwenye mivinje ya eneo la Casuarina, nyeupe kwenye wingu juu ya bahari. Akiiona, aitaje kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili. Neno moja kwa safari, basi. Na wewe pia taja, hata kama unakosea, kwa sababu atakusahihisha, na akishakusahihisha mara moja hatalisahau neno hilo.