Betri ya pikipiki inakufa kila mara? Pima kwanza, spea baadaye

Ukiendesha pikipiki ya zamani, iko siku utabonyeza stata usikie tik-tik-tik tu. Mtu wa kwanza utakayemuuliza atakwambia betri imekufa, kanunue nyingine. Utanunua, pikipiki itawaka vizuri kwa muda, halafu mchezo utaanza upya. Hapo betri haina kosa. Mara nyingi yenyewe ndiyo inayoumizwa, na mwenye kosa yuko kwingine: kwenye koili za magineto (kizalishaji umeme cha injini), kwenye rektifaya (inayogeuza umeme huo uwe wa kuchaji betri), au kwenye waya na soketi zinazounganisha hivyo viwili na betri.

Mimi natumia pikipiki ya Kijapani ya cc 250 iliyopita mikono mingi kabla ya kufika kwangu. Kazi yake ni kunipeleka Hombolo na Mpunguzi kwenye zabibu na kunirudisha mjini Dodoma, mara nyingine usiku. Mfumo wake wa chaji nimeufungua na kuufunga mwenyewe nyumbani Nkuhungu, chini ya mwarobaini. Mtu mwenye subira, spana nzuri na mita ya umeme anaiweza kazi hii, na inaniuma kuona vijana wakimaliza hela ya wiki nzima kwa kubadilisha kitu kizima na kukiacha kibovu.

Anza na betri yenyewe. Pikipiki ikiwa imelala usiku kucha bila kuguswa, betri iliyojaa isome volti 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, na ikishuka karibu na 12.0 ichaji kwanza kabla ya kupima kingine chochote, kwa sababu betri tupu itakudanganya kwenye vipimo vyote vinavyofuata. Kisha washa injini, weka mita kwenye temino za betri, vuta mafuta hadi mizunguko 4,000 au 5,000 kwa dakika. Mfumo mzima husoma kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu na inazidi kushuka, chaji haifiki. Ikipanda kupita 15, rektifaya imeshindwa kuzuia umeme, na hapo usiendelee kuendesha: betri itachemka na balbu zitaungua moja baada ya nyingine.

Kabla hujafikiria spea yoyote, fuata waya kwa macho na vidole. Kwenye pikipiki nyingi za aina hii, kutoka kwenye magineto zinatoka nyaya tatu za njano zinazoingia kwenye soketi ya plastiki, na upande wa pili zinaelekea kwenye rektifaya. Ifungue soketi hiyo. Kwangu, moja ya zile njano ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, plastiki imelegea upande mmoja kama mshumaa, na ndani ya tundu kulikuwa na unga mwekundu wa vumbi letu la Dodoma. Vumbi na kutu hulegeza mgusano, mgusano uliolegea huzuia umeme, umeme uliozuiwa huleta joto, na joto hulegeza zaidi. Soketi ya namna hiyo usiipake mafuta ukairudisha. Ikate, rudi nyuma hadi kwenye shaba safi inayong'aa, weka temino mpya zilizobanwa kwa koleo lake, kisha soketi mpya. Kusokota waya na kuzungushia tepu hakudumu kwenye barabara zetu za makorongo.

Kuna kipimo kimoja watu wengi hawakijui, nami nakipenda kuliko vyote. Injini ikiwa inakimbia, weka ncha moja ya mita kwenye waya chanya pale unapotoka kwenye rektifaya na ncha nyingine kwenye temino chanya ya betri. Unapima volti zinazopotea njiani. Zikizidi 0.3 hivi, kuna mahali umeme unakwama: fyuzi iliyooza, soketi, au waya uliokatika ndani kwa ndani. Rudia upande wa hasi, kati ya bodi ya rektifaya na temino hasi. Nati ya athi (ile inayofunga waya hasi) iliyoshika kutu kwenye fremu inaweza kukufanya ununue kila kitu dukani na bado usipate chaji.

Waya zikiwa safi na tatizo lipo, pima koili. Zima injini, chomoa soketi ya njano, weka mita kwenye ohmu, kipimo cha ukinzani wa waya. Gusanisha kwanza ncha za mita zenyewe. Namba utakayoiona ni ya nyaya za mita, itoe kwenye kila kipimo. Pima njano kwa njano, jozi zote tatu. Zinatakiwa zikaribiane sana, mara nyingi chini ya ohmu 1. Halafu kila njano na bodi ya injini: pasiwe na mawasiliano yoyote. Yakiwepo, koili imepiga shoti. Lakini usiishie hapo, maana koili inaweza kufaulu mtihani wa ohmu na bado ni mbovu. Washa injini soketi ikiwa imechomolewa, badili mita iwe AC (umeme unaogeuka mwelekeo, ndio utokao kwenye koili), pima jozi zile zile. Volti zipande kadiri unavyovuta mafuta, kwa kawaida zipite 50 kwenye mizunguko 5,000, na jozi zote tatu ziende pamoja. Shika ncha za mita kwa plastiki yake, umeme huo unatosha kukurusha mkono. Pima injini ikiwa baridi, upime tena ikishapata moto vizuri, kwa sababu kuna koili zinazofanya kazi asubuhi na kukata mchana.

Koili zikifaulu na waya ni safi, aliyebaki ni rektifaya. Yenyewe inageuza AC kuwa DC (umeme wa mwelekeo mmoja, ndio wa betri) na inazuia volti zisivuke kiwango. Zile za zamani huzuia kwa kuipiga shoti ziada ya umeme, na hiyo ziada inakuwa joto. Rafiki yangu mmoja wa bodaboda aliniambia, "Kaka, mchana nazima taa ili magineto ipumzike." Kwa rektifaya ya aina hii magineto haipumziki. Umeme ambao taa haikuuchukua unarudi kuzunguka kwenye koili, na kazi ni ile ile. Kwa hiyo rektifaya ilinde kwa hewa. Mapezi yake yasifunikwe na tope wala begi, na mahali inapofungwa pawe chuma kisafi, kisicho na rangi wala kutu. Mimi hupaka mafuta ya kupitishia joto, yale ya mafundi wa kompyuta, kati ya rektifaya na chuma.

Kubadilisha koili ndiyo kazi yenyewe. Chomoa temino hasi ya betri kwanza, na mwishoni iwe ya mwisho kurudi. Mwaga oili, la sivyo itakumwagikia mara kava la kushoto litakapofunguka. Agosti upepo wetu hauna huruma, basi mwagia ardhi maji kabla ya kufungua injini, au fanya kazi ndani. Kwenye pikipiki nyingi za Kijapani koili zimefungwa ndani ya kava lenyewe, na unapolivuta, sumaku ya magineto italivuta upande wake kwa nguvu, weka vidole mbali na ukingo. Kwenye baadhi ya bodaboda koili ziko nyuma ya sumaku, hapo lazima upate pula, kifaa cha kuing'olea. Usipige sumaku kwa nyundo hata kidogo. Unaweza kuipasua, au ukapinda krenki, na gharama yake si ndogo.

Koili iliyoungua utaijua bila mita: baadhi ya meno yake yamekuwa meusi, vanishi inabanduka ukigusa kwa ukucha. Ukiamua kumpelekea fundi wa kusuka mota badala ya kununua mpya, muulize waya anaotumia unahimili nyuzi joto ngapi. Mwambie itakaa kwenye oili ya moto, unataka wa nyuzi 180 au 200. Koili nyingi zilizosukwa na kufa mapema zimeponzwa na waya usiofaa, fundi mwenyewe alisuka vizuri.

Wakati wa kurudisha, futa sumaku kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, maana hunasa hata punje ya chuma usiyoiona. Waya za koili zipite chini ya kishikizo chake, sumaku isije ikazikata. Kwenye raba inayotoa waya nje paka silikoni kidogo, oili isivuje. Hakikisha zile pini ndogo za kulengesha kava zipo, huwa zinadondoka bila mtu kujua. Gasketi iwe mpya. Ile ya zamani ikwangue kwa plastiki ngumu, aluminiamu hukwaruzika upesi. Kaza bolti kwa kupishanisha, kidogo kidogo. Toa plagi, zungusha injini kwa mkono, usikilize kama kuna kinachokwaruza. Oili irudi kabla ya kuwasha.

Betri mpya usiifunge na kuondoka nayo. Ichaji polepole kwanza, kwa sehemu ya kumi ya ukubwa wake: ya Ah 7 (ampea-saa) iende kwa ampea 0.7. Wala usiwashe injini betri ikiwa imetolewa ukidhani unaipima. Volti zinaweza kuruka na kuua rektifaya uliyoinunua jana.

Kuna suala la mataa. Jumlisha wati: taa kubwa 55, ya nyuma, chaja ya simu, na zile spotilaiti mbili za kuendea Kondoa usiku. Ukivuka uwezo wa magineto, betri ndiyo italipia tofauti, na hakuna spea ya kutibu hilo isipokuwa kupunguza taa au kuweka za LED.

Baada ya safari ya kwanza ya mbali simamisha pikipiki, uguse ile soketi ya njano kwa nje. Uvuguvugu ni sawa. Ikikuchoma kidole, ifungue hapo hapo uangalie temino ulizobana, kisha upime tena volti kabla ya kuendelea na safari.