Re: Wote 9.93, mbona dhahabu ni ya mmoja?

Habari mkuu. Umeuliza kuhusu fainali ya mita 100 wanaume, Mashindano ya Riadha ya Afrika 2022 kule Morisi: Mkenya Ferdinand Omanyala na Akani Simbine wa Afrika Kusini wote wameandikiwa sekunde 9.93, lakini dhahabu kapewa Omanyala. Hakuna upendeleo hapo.

Cha kwanza, jua kwamba ubao wa matokeo unaonyesha muda uliopandishwa. Picha ya kumalizia (photo finish, ya kamera ya mstari wa mwisho) husomwa hadi sehemu ya elfu ya sekunde, kisha muda hupandishwa hadi sehemu ya mia inayofuata, daima juu, isipokuwa tarakimu ya tatu ikiwa sifuri. Tazama fainali ya mita 100 wanaume, Olimpiki ya Paris 2024: Noah Lyles 9.784, Kishane Thompson 9.789, ubaoni wote 9.79. Nafasi hupangwa kwa ile tarakimu ya tatu. Pengo lao, kwa kasi ile, ni kama sentimita 5 au 6 tu!

Wengi wanakosea kwa kutazama mguu. Paris kiatu cha Thompson kilitangulia, ila kinachohesabiwa ni kiwiliwili. Kichwa, shingo, mikono na miguu havimo. Kwenye picha tafuta ule mstari mwembamba wa wima unaogusa kifua au bega. Viatu huonekana vimevutika kwa sababu kamera hutazama mstari wa kumalizia peke yake na kuunganisha vipande vyembamba, kimoja baada ya kingine. Marudio ya TV yaliyopigwa kwa pembeni yanadanganya sana, usiyategemee.

Wakilingana hata kwenye elfu, basi ni sare, wote wanapewa nafasi ileile.