Mgonjwa akidhurika ukiwa zamu, usiende nyumbani peke yako

Wauguzi tumefundishwa la kumfanyia mgonjwa mambo yanapoharibika. Akipewa dawa isiyo yake, akianguka kitandani, akiwekewa damu isiyo ya kundi lake, mikono inajua pa kuanzia, na ndivyo inavyotakiwa, maana aliyeumia kwanza ni mgonjwa. Tunajua pia fomu ya kujaza na nani apigiwe simu. Ila muuguzi aliyeshika zamu hana utaratibu wake. Anakabidhi wodi, anavua sare, anapanda daladala. Nimekuwa muuguzi kiongozi wa wodi hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na ninachoamini ni hiki: msaada wa kukufariji moyo hauji wenyewe. Uuombe, uuombe siku hiyohiyo, na uuombe kwa mtu ambaye hatahusika kukuhoji.

Nitamtaja binti mmoja, muuguzi niliyekuwa naye wodini. Ameniruhusu, na nimeacha yote yanayoweza kumtambulisha. Mama aliyejifungua kwa upasuaji aliandikiwa ampisilini. Mzio wake wa penisilini ulikuwa umeandikwa kwenye kadi ya kliniki lakini haukunakiliwa kwenye faili la wodi, na ampisilini ni ya ukoo huohuo. Dakika chache baada ya sindano uso ulianza kuvimba, pumzi ikawa ya shida, presha ikashuka. Binti huyo ndiye aliyeita msaada na ndiye aliyekimbilia adrenalini. Ikachomwa pajani, mama akawekewa oksijeni na dripu, akapona. Lakini ndugu walikuwa mlangoni, na wodi nzima ilishuhudia.

Baadaye nilimkuta chumba cha dawa. Alikuwa anapanga vichupa, lebo zote zikitazama mbele, halafu anavipangua na kuanza upya. Mmoja akapita akamwambia, "Jikaze sista, ndiyo kazi yetu." Mwingine akauliza, "Kwani kadi hukuiangalia?" Jioni alipanda gari la Gongo la Mboto na akashushwa na konda mwisho wa gari, wakati nyumbani kwake ni Ukonga. Hakukumbuka kupita kituo chake.

Mimi sikuwa mtu sahihi wa kumfariji usiku ule, na hili wengi hawalifikirii. Muuguzi kiongozi ndiye anayekusanya maelezo na kuandika taarifa ya tukio. Hata nikiwa na moyo mwema kiasi gani, anayeongea nami anapima kila neno, na ana haki ya kupima. Kwa hiyo nilimpigia mkunga mmoja wa wodi nyingine, mama mtu mzima anayejua kunyamaza, nikamwomba amsindikize kesho yake na awe mtu wake. Tafuta mtu wa namna hiyo: anayeijua kazi yetu kiasi cha kuelewa bila kuelezwa maana ya wagonjwa arobaini kwa wauguzi wawili, lakini jina lake halimo kwenye uchunguzi. Anaweza kuwa mkunga wa wodi ya pili, mwalimu wako wa chuo, au uliyesoma naye ambaye sasa yuko hospitali nyingine. Ombi lenyewe liwe la wazi. "Leo wodini kumetokea jambo zito, naomba ukae na mimi kidogo." Ukisema "niko sawa, nimechoka tu," watu wataamini, kwa sababu sote tumechoka.

Mwaka 2000 daktari wa Marekani, Albert Wu, aliandika kwamba baada ya kosa la tiba, mhudumu naye huumia, akamwita mhasiriwa wa pili. Mwaka 2009 Susan Scott na wenzake wa Chuo Kikuu cha Missouri walichapisha matokeo ya mahojiano na wahudumu 31 waliopitia matukio ya namna hii. Wakachora hatua sita: kuchanganyikiwa, picha za tukio kujirudia, kujiuliza kama bado unaaminika, kuhojiwa, kupata huduma ya kwanza ya kufarijiwa moyo, kisha kusonga mbele, ambapo wengine huacha kazi, wengine huvumilia tu, na wengine hukomaa. Angalia mpangilio huo. Kuhojiwa kumetajwa kabla ya faraja. Ninachowaomba wenzangu ni kuupindua: faraja itangulie, ili siku ya kuhojiwa uingie ukiwa na usingizi na chakula tumboni. Hospitali ya chuo hicho ina wafanyakazi wa kawaida waliofundishwa kukaa na mwenzao, na tabaka la kwanza kabisa la msaada huo ni wenzako wa wodini. Hilo hata kwetu halihitaji bajeti.

Maelezo ya maandishi yaandike siku hiyo ungali unakumbuka saa. Andika ulichoona, ulichofanya, uliyemwita na alipofika. Usiandike kwamba wewe ni muuguzi mbaya, na usiandike kwamba ni kosa la fulani. Faili usiliguse kurekebisha chochote kilichokwishaandikwa. Ukimaliza, hayo ni mazungumzo ya kazi, yaweke upande wake. Ukipewa barua ya kujieleza, usiijibu peke yako usiku wa manane. Mwone kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, ambacho kwa wengi wetu serikalini ni TUGHE, akusomee kabla hujawasilisha. Hofu ya leseni ndiyo inayofunga midomo ya wauguzi wengi. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 imelipatia Baraza la Uuguzi na Ukunga mamlaka ya usajili na nidhamu, na hofu hiyo si ya kuchekwa. Lakini kumwambia mtu kwamba hulali na unalia bafuni si kukiri kosa mbele ya Baraza.

Kundi la WhatsApp la wodi si mahali pake. Huko maneno hupigwa picha na kusafiri. Nyumbani ongea, tafadhali ongea, mumeo au mama yako aelewe kwa nini umekuwa mkimya, ila jina la mgonjwa na ugonjwa wake viishie hospitali. Kwa mchungaji au sheikh wako vilevile. Maombi yamewabeba wengi ninaowajua, nami ni mmoja wao, lakini nimeona pia muuguzi akiambiwa aombe tu huku hajalala wiki nzima.

Wiki mbili zikipita usingizi haujarudi, au unahakiki dozi moja mara tano na bado mikono inatetemeka, au ukifika geti la hospitali tumbo linavurugika, nenda kwa wataalamu wa afya ya akili. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ina idara yake, na hospitali za rufaa za mkoa unaweza kuuliza huduma hiyo. Unaogopa kuonwa na wenzako kwenye foleni? Unayefanya kazi Temeke hulazimiki kutibiwa Temeke, nenda Amana au Mwananyamala. Ukianza kuwaza kufa, usisubiri hata kesho. Mwambie aliye karibu nawe akupeleke usiku huohuo, kama ambavyo ungempeleka mgonjwa wako.

Kuhusu kumwomba msamaha mgonjwa: wengi hutamani, na tamaa hiyo ni njema, lakini usimfuate peke yako kwenye korido ndugu wakiwa na hasira. Muulize daktari na kiongozi wako, mwende pamoja, mgonjwa aelezwe ukweli wa kilichotokea. Binti wangu alisimama pembeni ya kitanda tukiwa watatu, na yule mama alimuuliza swali moja tu, kama mtoto anaweza kuendelea kunyonya.

Kwenu viongozi wa wodi nina ombi kuhusu ratiba. Msimpangie usiku wa peke yake wiki hiyo. Msimwondoe moja kwa moja kwenye sindano pia, maana akiwekwa kwenye kufunga vidonda mwezi mzima, wodi yote inaelewa kwamba haaminiki, naye anaanza kukubali. Mrudisheni kwenye trei ya dawa akiwa na mwenzake wa kuhakiki, wakisoma kwa sauti jina la mgonjwa, dawa, dozi na mzio. Na kadi ya kliniki ibandikwe mbele ya faili kwa kila mama anayelazwa, kwa sababu huwezi kumfariji muuguzi Jumatatu na kuacha mtego uleule wazi Jumanne. Kabla ya kupanga chochote, muulizeni mwenyewe anataka nini. Wengine wanahitaji siku kadhaa za kupumzika, na wengine wakikaa nyumbani ndipo wanapozama.